Kalavati lina chokaa yake, bati lina zinki yake

Jirani yangu huku Moshono, Arusha, alijenga bwawa la samaki, sio la kuchimba, la tofali kabisa, akapiga lipu na juu yake akapiga niru ya saruji tupu mpaka ukuta unang'aa, alafu akalijaza maji ya mvua kutoka paani kwa sababu bili ya maji ya bomba anaijua mwenyewe. Hakusubiri hata wiki. Akamwaga vifaranga vya perege mia mbili, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nasikia geti linagongwa, "Baba Neema, hebu njoo uone huku." Nikaenda na kandambili zangu. Samaki wote juu, matumbo yameangalia mbinguni, na yeye yumo kwenye maji hadi magotini anawaokota na beseni la kuoshea vyombo. Kila aliyekuwepo ana mshtakiwa wake, mmoja anasema aliyeuza vifaranga kauza wagonjwa, mwingine anasema kuna mtu kaweka dawa usiku, mama wa nyumba ya nyuma anasema ni maji ya bati hayo. Mimi kilichonishtua ni kitu alichosema jirani mwenyewe wakati anajifuta mikono: "Haya maji mbona yanateleza, kama nimeshika sabuni."

Wafugaji wa samaki wazoefu wakisikia hivyo wanacheka tu, maana wao bwawa jipya la saruji wanalijaza maji na kuyamwaga, wanajaza tena wanamwaga, wiki kadhaa, wengine wanatupia na vipande vya mgomba humo vioze, ndio samaki waingie. Hawakusomea kemia, wamefundishwa na hasara kwamba saruji mpya inatia maji chokaa mpaka yanaua samaki.

Sasa hilo bwawa la jirani, lilaze chini, lifanye refu, lizungushe liwe duara, umepata kalavati. Na makalavati na mitaro ya zege ndio tunaijaza mji mzima wa Arusha kila barabara ya lami inapofika, na sijawahi kusikia mtu hata mmoja, kwenye mkutano wa mtaa wala kwenye kijiwe, akiuliza hayo maji yakishapita humo ndani yanatoka yakiwa maji gani.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi, miaka kumi na kitu sasa, na nakuambia mteja wa bomba la kupitisha maji ya mvua ana maswali mawili tu: bei gani, na litabeba gari? Akiwa msomi kidogo anaongeza la tatu, litadumu miaka mingapi. Hata mimi nilikuwa najibu hayo hayo. Bomba tunalichukulia kama uwazi, kama shimo lililolala, maji yanaingia huku yanatokea kule, basi. Kumbe bomba nalo linapika.

Twende kwenye zege kwanza kwa sababu ndio mfalme wa mitaro yetu. Saruji ikikutana na maji na kuanza kushika inazaa vitu kadhaa, kimojawapo ni chokaa ileile tunayoijua, na maji yaliyojificha kwenye vitundu vya zege bichi yana pH ya 12 mpaka 13 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu au asidi, juu yake ni alkali). Ndio maana fundi anayechanganya zege bila glavu vidole vinapasuka kama ardhi ya kiangazi. Mvua yenyewe inashuka ikiwa na uchachu kidogo, pH kama 5.6, kwa sababu njiani imekunywa hewa ya ukaa. Na pH isikudanganye ukadhani ni kama bei, kwamba 6 na 8 ni tofauti ya mbili tu, hapana, kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo 6 mpaka 8 ni mara mia. Maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, yenye uchachu, yakipita kwenye zege yanalamba ile chokaa, yanaondoka na kalsiamu, na potasiamu, na bikaboneti, na pH inapanda. Ukitaka kuiona kwa macho ingia chini ya daraja lolote la zamani, angalia kwenye nyufa, kuna utando mweupe unaning'inia kama nta ya mshumaa, hiyo ni chokaa iliyotoka ndani ya zege ikakutana na hewa ikaganda.

Kuna watafiti wa Sydney, Australia, mwaka 2010 walifanya jaribio rahisi sana mpaka unajiuliza kwa nini hatukulifanya sisi. Walichukua maji ya mvua ya paani na maji ya kijito, wakayazungusha na pampu ndani ya bomba la zege, na mengine ndani ya bomba la PVC, yaani la plastiki, wakawa wanapima. Ya kwenye zege yalipanda pH, yakapanda kalsiamu, yakapanda potasiamu. Ya kwenye PVC yalibaki karibu vilevile yalivyoingia. Wakaenda na kwenye vijito vya maeneo ya jiji lao, ambavyo kiasili maji yake ni laini na yana asidi, wakakuta vijito vinavyopokea mitaro ya mji vimebadilika kemia kabisa na wadudu wa majini wa asili wamepungua, na zege wakaliweka kwenye orodha ya wachafuzi. Yaani mtaro mtupu, bila mafuta wala takataka, nao ni mchafuzi.

Ukiishia hapo unaweza kutoka mbio ukasema basi zege lipigwe marufuku twende plastiki, na najua wauzaji wenzangu watakaofurahi. Mimi nasema pole pole, maana hiyo ni Sydney na huku ni chini ya Meru.

Maji yetu hayafanani na ya kule hata kidogo. Mlima Meru ni volkano, chemchemi zinazotoka humo na mito inayotushukia, Themi, Naura, Ngarenaro, haiji na asidi, inakuja tayari na bikaboneti na magadi yake, na floraidi juu, ndio hayo meno ya kahawia ambayo mtu wa Arusha ukienda Dar unajulikana kabla hujataja kabila. Mto ambao tayari una alkali ukiuongezea alkali kidogo ya zege haushtuki kama kile kijito cha Sydney kilivyoshtuka. Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti ya nje na kusema zege linaua mito, mwambie inategemea mto uliingia na nini. Kinachobaki kuwa kweli huku ni kwamba mvua yenyewe ni laini popote pale, hata Arusha, na kalavati likiwa bichi na mto ukiwa mdogo, mwezi wa kumi na moja pale mvua za vuli zinapofungua na mto hauna maji ya kuchanganyia, hapo kile kilichotokea kwenye bwawa la jirani kinaweza kutokea kwenye kijito. Na kuna kitu cha juu yake ambacho watu hawakisemi: maji ya mtaro wetu yana mkojo, tusidanganyane, yana mkojo wa ng'ombe na wa watu, na mkojo unaleta amonia. Amonia kwenye maji yenye pH ya chini haina makali sana, pH ikipanda inageuka kuwa ile aina inayoua samaki. Chokaa peke yake na mkojo peke yake ni afadhali, vikikutana ndio shida.

Haya, yule mama wa nyumba ya nyuma aliyesema ni maji ya bati, hakuwa amekosea sana. Alikosea kesi tu.

Bati letu lina ngozi ya zinki. Gata nyingi pia. Na bado kuna makalavati ya chuma, yale ya bati nene la mikunjo, yamelala chini ya barabara za zamani na sehemu nyingine bado yanawekwa kwa sababu ni mepesi kubeba, watu wanne wanaliinua bila winchi. Mvua laini yenye uchachu ikigusa zinki inaondoka nayo kidogo kidogo, ndio maana bati linapoteza mng'ao, ule mng'ao haukwenda mbinguni, umeshuka na maji. Binadamu zinki haimsumbui kwa kiasi hicho, kwani si zinki hiyohiyo tunapewa zahanati mtoto akiharisha, kidonge kila siku, siku 10 mpaka 14, pamoja na chumvichumvi? Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yenye zinki zaidi ya miligramu 3 kwa lita watu wanaweza kuyakataa kwa ladha na muonekano tu. Ila sasa kwa viumbe wa mtoni hesabu ni nyingine kabisa, Marekani kiwango chao cha kulinda viumbe wa maji baridi ni mikrogramu 120 kwa lita, yaani mara 25 chini ya pale mtu anapoanza kukunja uso. Maji ambayo wewe unakunywa na kushukuru, kwa vidudu vya majini anavyokula samaki ni sumu.

Na hicho kiwango cha 120 ni kwa maji yenye ugumu wa wastani. Maji yakiwa laini kinashuka, kwa sababu kalsiamu ndio inamkinga samaki, inakaa kwenye mashavu yake pale zinki inapotaka kuingia. Sasa maji yetu yana magadi mengi lakini kalsiamu ndio haba, na uhaba huohuo ndio unaoiacha floraidi izurure, kwa sababu kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeishika. Unaona inakoelekea? Zege linatoa kalsiamu. Linapandisha pH, na pH ikipanda kidogo zinki na shaba zinaanza kung'ang'ania kwenye ukuta wa bomba na kwenye tope badala ya kusafiri zimeyeyuka. Kwa hiyo maji ya paa la bati yakipita kwenye kalavati la zege lililokomaa yanatoka na zinki pungufu kuliko yalivyoingia. Yakipita kwenye plastiki yanatoka nayo vilevile yalivyokuja, plastiki haiongezi na haipunguzi. Yakipita kwenye kalavati la chuma yanaongezewa nyingine njiani. (Na msije mkaniambia basi tunywe maji ya mtaro yana kalsiamu, nawajua.)

Ndio maana mimi nasema swali la bomba gani ni safi halina jibu mpaka useme linapokea maji ya nini na linayamwaga wapi. Sydney walikuwa na kijito laini na wakaona zege ni adui. Chuga, yaani Arusha yetu hii, ni mji wa mabati, kuanzia Sakina mpaka Lemara, ukisimama juu Sanawari ukaangalia chini saa sita mchana macho yanauma, na kwa mji wa mabati zege kuukuu ni mlinzi zaidi kuliko mshtakiwa. Ninachokiogopa mimi ni zege bichi, na bati la mikunjo linalomwaga moja kwa moja mtoni.

Zege bichi linatibika, na dawa yake ni kitu ambacho kila fundi anakijua na hakifanyi: kumwagilia. Makalavati mengi yanafyatuliwa pembeni ya barabara, reshio ya kukadiria kwa macho, maji ya kuchanganyia mengi ili zege liteleze kwenye fomu bila kutoa jasho, kesho fomu inafunguliwa, keshokutwa kalavati lipo shimoni. Zege la maji mengi linabaki na vitundu vingi, na vitundu ndio milango ya chokaa kutoka. Nilimuuliza fundi mmoja mwaka jana, anafyatua yale ya sentimeta 60, nikamwambia fundi hizi mbona hazinyweshwi, akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini hazivalishwi viatu. "Mzee, mvua ikija zitanyweshwa." Sasa ndio hivyo, mvua ikija inazinywesha, alafu hayo maji ya kunyweshea yanakwenda wapi? Mtoni. Na pale anapooshea mapipa na koleo na toroli jioni, ule uji wa kijivu, nao ni mtaroni, na ule mimi nadhani ni mbaya kuliko kalavati lenyewe kwa sababu ni saruji ambayo haijashika kabisa.

Kingine ni saruji yenyewe, na hapa tuna bahati ambayo hatujui kama tunayo. Saruji nyingi ya 32.5, hiyo ni namba ya nguvu yake iliyoandikwa kwenye mfuko, tunayouza inachanganywa na pozolana, lile jivu la volkano lililogeuka jiwe, linachimbwa hukuhuku Kilimanjaro. Pozolana inakula ile chokaa inayozaliwa ndani ya zege na kuigeuza kuwa gundi nyingine, vitundu vinaziba, chokaa ya kutoka inapungua. Wateja wangu wengi wanaidharau 32 wanataka 42 kwa kila kitu mpaka lipu ya choo, kwa sababu 42 inashika haraka na haraka inaonekana ndio ubora. Kwa nguzo na slebu sawa, sina ugomvi. Kwa bomba la kupitisha maji ya mvua, zege la saruji yenye pozolana lililopewa muda na maji yake ni zuri, ila neno ni muda, pozolana inafanya kazi pole pole, ukiiwahisha shimoni baada ya siku mbili umeinyima kazi yake yote.

Plastiki. Watu wananiuliza sana kuhusu yale mabomba meusi yenye mikunjo nje na laini ndani. Kwa kemia ya maji ya mvua ndio yametulia kuliko yote, sina la kubisha, na yanakuja ya mita 6 na mpira kwenye maungio kwa hiyo maungio ni machache. Ugomvi wangu nayo ni mambo ya mtaani ambayo kwenye maabara hayapo. Kwanza mwendo: wahandisi wana namba ya ukwaruzaji, plastiki laini ni kama 0.009 mpaka 0.011, zege 0.013, bati la mikunjo 0.024, namba ikiwa ndogo maji yanakimbia zaidi. Mji uliokaa kwenye mteremko wa mlima, ukayapa maji slaidi, yanapotokea kule chini yanachimba ukingo wa mto na kujaza tope, na tope ni uchafu vilevile hata kama bomba halikuongeza kitu. Pili, moto. Sisi tunachoma taka mtaroni. Sio wote, lakini kila mtaa una wake, saa kumi na mbili jioni moshi unapanda pale kwenye mdomo wa kalavati. Zege likichomwa linaweka masizi basi. Plastiki ikipata moto inayeyuka, inaziba, na inaachia vitu. Baada ya moto wa 2018 ulioteketeza mji wa Paradise kule California walikuta benzini, kemikali yenye sumu, kwenye maji ya bomba, na mabomba ya plastiki yaliyopata joto yalikuwa miongoni mwa yaliyoshukiwa. Yale yalikuwa mabomba ya maji ya kunywa na moto wa msitu, najua, hauwezi kulinganisha na majani makavu na pampasi za mtaani, lakini mimi kabla sijamuuzia mtu bomba jeusi la kuweka wazi barabarani namuuliza hapo mnachomea wapi taka.

Alafu kuna maungio, na hapa ndio hasira zangu zilipo hasa. Makalavati ya zege mengi ni ya mita moja moja, mtaa wa mita mia una maungio karibu mia, kila ungio limepakwa saruji kwa kiganja, juu tu, chini hapafikiki. Msimu mmoja wa magari ya mchanga na yameachia. Kuanzia hapo maji ya mtaro yanatoka na maji ya ardhini yanaingia, na huku kwetu uswahilini maji ya ardhini maana yake jirani wa choo cha shimo. Na wale wanaotapisha vyoo usiku mvua ikinyesha wao hawahitaji hata ufa, wanaingiza bomba kabisa. Hapo unaweza kubishana zege au plastiki mpaka asubuhi, mzigo wa vimelea unaoingia kwenye ungio moja bovu hauna cha kulinganisha na chokaa ya zege la mji mzima. Na ukishaingiza kinyesi kwenye kalavati la zege lililofunikwa, ile harufu ya yai viza inapanda, inakaa kwenye dari ya bomba, kuna bakteria pale wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi inalila zege kutokea juu mpaka unalikwangua kwa kijiko kama ugali uliolala. Kwa hiyo bomba linachafuliwa na maji, alafu nalo linayachafua maji kwa kubomoka.

Nikiambiwa nichague kwa mtaa wangu mimi, nitataka mtaro wa wazi wa mawe pale nafasi inaporuhusu, mawe yetu haya meusi, saruji kwenye maungio tu, watu wanauona na kuusafisha na anayetapisha choo anaonekana. Chini ya barabara kalavati la zege lililokaa angalau mwezi likinyweshwa. Bati la mikunjo nisilione mita hamsini za mwisho kabla ya mto. Na pale mdomoni maji yasidondoke moja kwa moja, yapite kwanza kwenye majani, matete, hata migomba, yapunguze mwendo yaache tope lake pale. Ukanda wa majani vilevile unashika zinki, maana sehemu yake inasafiri imedandia tope.

Kupima wala sio ghali, karatasi za pH zinauzwa na rangi zake kwenye pakiti. Nilizinunua kwa ajili ya jirani na nikabaki nazo. Masika iliyopita nilishuka Themi kule chini Lemara, kuna kina mama wanamwagilia mchicha na sukuma wiki kwa ndoo kutoka mtoni, mboga ambazo Jumamosi tunazinunua sokoni, na huo mto ukitoka hapo unaenda mto Kikuletwa mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi. Nikachovya karatasi kwenye mdomo wa kalavati jipya, nikachovya nyingine mtoni hatua ishirini juu yake. Ya mtoni ikatoka kijani. Ya kwenye kalavati ikaenda buluu ya kukolea. Mama mmoja akaweka ndoo chini akaja kuangalia, akaniuliza, "Baba, ndio mnapima dhahabu?" Nikamweleza, nikamwonyesha na rangi. Akazishika zile karatasi mbili, akaziangalia, akaniuliza sasa yeye achote wapi, nikamwambia achote juu ya kalavati. Akasema juu ya kalavati kuna mtu tayari, ndio maana yeye yuko chini.